Mgongo wa Mama Ghala

Mama Ghala hakumwamini mtu yeyote aliyetumia neno takribani. Ukimletea gunia ukasema lina takribani kilo mia, alikuwa analitazama gunia, anakutazama wewe, analirudia gunia, kama mchungaji aliyeletewa maharusi wenye haraka. Kisha anauliza, "Huyo Takribani ana kadi ya uanachama?" Hapo gunia linapanda mizani, na wewe unajikuta umevua kofia bila kuambiwa.

Alikuwa mtunza ghala wa chama chetu cha wakulima huku Mbulumbulu, juu ya Karatu mjini, ambako baridi ya mwezi wa sita hugandisha salamu mdomoni, ukaitikiwa mchana ikishayeyuka. Ghala lenyewe lilikuwa refu kiasi kwamba kifaranga akiingia mlango wa mbele, anatokea wa nyuma akiwa anataga. Jina lake halisi lilikuwepo kwenye daftari, lakini siku lilipotajwa kanisani watu waligeuka kumtafuta mgeni. Vijana walimwita ayo, yaani mama kwa Kiiraqw. Sisi wengine wote, pamoja na mumewe hadi anaingia kaburini, tulimwita Mama Ghala.

Alikuwa na msemo: gunia halina shemeji. Siku moja kaka yake, toka nitoke, alileta mahindi yenye unyevu. Mama Ghala akazamisha mkono ndani ya gunia, akatafuna punje mbili, akatema.

"Yarudishe juani."

"Dada, mimi ni ndugu yako."

"Wewe ndiyo. Mahindi yako bado hatujajuana."

Dereva mmoja wa watalii alipita kwetu akiwa ametoka kuwaonyesha wageni wake faru kule kreta. Akaona awaonyeshe na ghala la wakulima. Mama Ghala hakuwa na Kiingereza, na hakuona kama anakihitaji. Aliwapandisha wote kwenye mizani, mmoja baada ya mwingine, wakacheka mpaka wakalia machozi. Halafu akamgeukia dereva kwa sura ya kazi: "Huyu mwekundu ni gunia moja pungufu. Mkewe amekauka vizuri, anahifadhika."

Paka wake walikuwa watatu: Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina. Aliwapa majina hayo, alisema, ili walau viongozi watatu wawe wanakuja kazini kila siku. Afisa mmoja mgeni alipofika kukagua, akauliza kwa adabu uongozi unaendeleaje. Mama Ghala, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na hasira zake, akajibu bila kuinua macho: "Mwenyekiti amezaa tena juu ya maharage, na Mweka Hazina hajaonekana tangu Jumanne." Yule afisa alikuwa ameshaandika mstari wa kwanza.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa sheria tu. Aliyeweza kumfukuza dereva wa lori mwenye kifua kama kabati alikuwa anaogopa chura, tena chura mdogo, wa ukubwa wa kifungo. Aliyekataza mtu yeyote kukalia gunia alikuwa analala juu ya magunia kila siku baada ya makande ya mchana. Ukimkuta anakwambia hajalala, anasikiliza. Nasi tulicheka, mpaka siku alipoinuka usingizini, akatembea moja kwa moja hadi gunia la katikati, safu ya tatu, akasema, "Hili lina fukusi." Tulilifungua. Walikuwemo, wanatembea kama watu wa mnada.

Masikio yale! Mimi nawaambia watu na hawaniamini: alikuwa jikoni kwake, mabonde mawili kutoka shambani, akasikia mashine ya kupura ngano inanguruma, akamtuma mtu akimbie kusema, "Beringi ya kushoto inalia, izimeni." Tukazima. Beringi ya kushoto ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Basi labda bonde lilikuwa moja. Lakini alisikia.

Na mimi ananidai shukrani ya elimu. Masomo ya jioni, yaliyonipa cheti changu cha kidato cha nne nikiwa baba wa watoto watatu, tuliyasomea ndani ya ghala lile, tukiandikia juu ya magunia. Ufunguo alikuwa nao yeye. Alikaa nyuma akichambua maharage na kukataa kujiandikisha. Cheti, alisema, kitaliwa na panya. Lakini mwalimu alipokosea hesabu za asilimia, ilisikika sauti kutoka nyuma ya mahindi, "Rudia, mwalimu, hapo umempunja mkulima."

Mashine ile ya kupura aliipenda kuliko mizani. Ili uelewe, lazima uujue mwili wake: bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto. Kabla ya mashine, ngano na maharage tulipiga kwa fimbo juu ya turubai, na wapigaji wakubwa walikuwa akina mama. Siku nzima, wiki nzima. Zile mashine kubwa za kuvunia zinazokodishwa na wenye mashamba makubwa haziwezi hata kugeuka kwenye ekari yako moja na nusu. Zikijaribu, tairi la mbele liko kwako na la nyuma liko kwa jirani. Kwa hiyo chama kilipopata mashine ndogo, ya injini ya dizeli, ya kuvutwa kwa ng'ombe au trekta toka shamba hadi shamba, Mama Ghala aliipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wa maziwa, akasema, "Fimbo tutachungia mbuzi."

Lakini chama kikaanza kufa. Hakikuuawa na mtu mmoja. Kila mmoja wetu alikinyima uji kidogo. Malori yalikuwa yanakuja kununulia shambani, sisi tukawa tunauza huko huko. Mikutano ikawa ya watu saba na paka watatu. Mwisho wake ofisi ya ushirika ikaandika barua: chama kisichokutana kivunjwe, atakuja mfilisi. Neno hilo lilitisha. Mzee mmoja alihamisha mbuzi wake kwa shemeji yake mpaka mambo yatulie.

Mfilisi alikuja, kijana mpole wa kusema "wazee wangu" kila baada ya maneno matatu, na viatu vilivyofika vyeusi vikaondoka vyekundu. Akatueleza vizuri. Trekta ya chama ilikuwa imeuzwa kulipa madeni. Ghala, kwa kura yetu wenyewe, lilikwenda kwa kijiji, shule iweke chakula cha watoto. Kilichobaki ni mashine na vikorokoro vyake, na hiyo ni mali ya wanachama thelathini na mmoja. Tuamue.

Alikuwepo tayari mfanyabiashara wa vipuri kutoka Karatu mjini, mtu mwenye salamu ndefu na bei fupi. Lori lake lilikuwa nje, injini inawaka.

Mama Ghala akasimama. Sijawahi kumwona akiomba kitu kabla ya siku ile. "Mashine ibaki hapa," alisema. "Ikiondoka, tunarudi kwenye fimbo. Mimi bega sina. Na wake zenu watakosa mabega."

"Ibaki kwa nani?" akauliza mwenyekiti, yule wa miguu miwili.

"Ibaki kwako uipurie ukoo wako?" akamdakia mtu kutoka dirishani.

"Bora kwangu kuliko kwako, unayeazima jembe ukarudisha mpini!" mwenyekiti akamrudishia.

Ikawa vurugu. Kuuza, hatukuaminiana. Kumwachia mmoja, hatukuaminiana zaidi. Nilikuwa mwandishi wa muhtasari, kwa sababu ya cheti changu, na kalamu ilishindwa kufuata matusi, hasa ya jirani yangu wa bondeni. Huyo ndama wake alikula maharage yangu mstari kwa mstari kama anayesoma gazeti, na tulikuwa tumenuniana mwaka wa tatu. Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Basi ichinjwe! Tugawane kama ng'ombe wa Krismasi!"

Msomaji, ungedhani watu wangecheka. Walipiga makofi.

Maana ng'ombe wa Krismasi ndiye kitu pekee ambacho watu wa kwetu hugawana bila ugomvi. Mnachanga, mnachinja, mnapanga mafungu juu ya majani. Mtu mmoja anageuza mgongo asione kitu. Mwingine anasonta fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuza mgongo anataja jina. Ukipata mbavu au ukipata kwato, umepewa na bahati, na bahati haina baraza la kukata rufaa. Mfilisi alikuna kichwa, akasema sheria haikatazi, wazee wangu, mradi wote mmekubali. Tulikubali wote. Mama Ghala peke yake alikuwa anatazama mikono yake.

Kesho yake fundi aliifungua mashine toka asubuhi hadi alasiri. Tukatandika maturubai mbele ya ghala, tukapanga mafungu thelathini na moja: injini, ngoma ya kupuria, mkanda, puli, feni, chekeche, tangi la mafuta, matairi, bomba la moshi, kopo la boliti. Ikaulizwa nani ageuze mgongo. Hakukuwa na ubishi hata wa dakika moja. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kulalamikia mizani yake.

Mama Ghala akageuka, akafunga kitenge kichwani mpaka kikafunika macho. Mimi nikapewa spana ya kusontea.

"Fungu hili la nani?" nikauliza.

"Gonga kwanza," akasema. "Nisikie. Usije ukasonta hewani, baadaye waseme tulipanga mimi na wewe."

Watu wakasema kweli, agonge. Nikagonga. Ngo! Akataja jina la mwenyekiti. Nikagonga lingine. Ti! Akamtaja yule aliyempigia mwenyekiti kelele dirishani. Tukaenda hivyo hivyo. Mimi nikapata chekeche. Fremu ya kuwekea hilo chekeche, ambayo bila yake chekeche ni kiti cha kuku, ikamwangukia nani kama si jirani yangu wa bondeni! Nikasema moyoni, bahati gani hii yenye kisirani. Fungu la mwisho, hakukuwa na jina tena ila lake mwenyewe: hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuwashia injini.

Tuliondoka tumebeba vyuma kama siafu waliobomoa treni, wengine wanaimba. Nilipogeuka, Mama Ghala alikuwa anafagia ghala tupu, polepole, mpaka kwenye pembe ambazo hakuna mtu angeziona. Alimaliza ndipo akakabidhi funguo.

Yule mfanyabiashara hakukata tamaa. Alipita nyumba kwa nyumba akitaka kununua kipande kimoja kimoja. Lakini alikuwa hawajui watu wa Mbulumbulu. Kila mtu alikuwa ameshagundua kwamba kipande chake ndicho moyo wa mashine. Mwenye kopo la boliti alitaka bei ya injini. Mwenye injini alitaka bei ya lori. Mwenye bomba la moshi alisema hauzi, atafikiria kukodisha. Mfanyabiashara alirudi mjini na salamu zake zikiwa zimefupika.

Ngano ikaiva. Tukaanza kutazamana. Wiki ya kwanza, wanaume tulijidai fimbo ni mazoezi. Wiki ya pili hakuna aliyeweza kuinua mkono kuchana nywele. Wake zetu walikuwa wameacha kusema, na hilo likawa baya zaidi. Halafu mawingu yakaja, msimu usio wake, meusi, yakajipanga juu ya mlima kama wanunuzi. Mvua ikinyesha juu ya ngano iliyokatwa, inachipua, na mwaka umekwisha.

Asubuhi moja tukamwona Mama Ghala anapita barabarani, peke yake, hendeli begani, lile bega zima. Alikwenda hadi uwanja wa mbele ya ghala, akaisimamisha hendeli ardhini, akakaa kwenye jiwe kuisubiri injini.

Nani angekubali kuonekana yeye ndiye aliyechelewesha? Alitoka mwenye injini, akiisukuma kwenye toroli. Akatoka mwenye tairi. Kufika saa nne, njia zote zilikuwa na vyuma vinavyotembea. Mwenyekiti alileta ngoma, na yule adui yake wa dirishani akaleta beringi zake, wakalazimika kuinamiana mpaka vichwa vikagusana. Mimi nikasimama na chekeche langu. Jirani wa bondeni akaja na fremu. Akatazama kushoto, mimi kulia. Mawingu yakanguruma.

"Inua upande wako," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kwa miaka mitatu. Nikainua upande wangu.

Mashine ilipoguna na kuwaka, akina mama walipiga vigelegele hata mawingu, naapa, yakasogea upande wa Endabash kuona kuna nini. Tulipura siku tisa, shamba kwa shamba, kuanzia kwa wajane. Siku ya kumi mwenyekiti akasema sasa mashine ikae kwenye banda lake. Mama Ghala akachukua spana.

"Fungueni. Kila mtu na fungu lake nyumbani. Ikibaki imeunganishwa, kesho itapata kamati."

Ndivyo ilivyo mpaka leo, kila msimu. Mfilisi alipita safari moja, akasimamisha pikipiki, akatazama watu thelathini na mmoja wanakaza boliti huku wanatukanana kwa furaha. "Wazee wangu, si nilishawavunja nyie?"

"Ulivunja chama, kijana wangu," akajibu Mama Ghala. "Hii ni mashine. Shika hapo."

Akashika. Viatu vikawa vyekundu tena.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Juzi, ngano ikiwa imebakiza wiki mbili ivunwe, nilikwenda kumwamkia. Macho yake yana ukungu siku hizi. Anaona mwanga na ukubwa wa mtu, basi. Alikuwa jikoni, ameupa moto mgongo ili kuyapasha mabega yake, uso ukutani. Sikuwa nimefungua mdomo.

"Karibu, mwenye chekeche."

"Shikamoo, Mama Ghala. Umejuaje?"

"Marahaba. Unaburuza mguu tangu kidato cha pili."

Nikakaa. Nikaangalia ule mgongo. Jambo nililokuwa nimelibeba miaka kadhaa kama kokoto kiatuni likaanza kusogea. Nikachukua kijiko, nikagonga kitu kilichokuwa karibu yangu.

"Sufuria ya makande," akasema. "Ina ufa."

Nikagonga kingine.

"Kikombe cha marehemu."

Nikagonga cha tatu, taratibu, kwa ncha.

"Kifuniko cha birika. Acha sasa."

Kuni zikalia.

"Ulizijua zote," nikasema. "Thelathini na moja."

"Thelathini. Bomba la moshi nilibahatisha." Akajifuta mikono kwenye kitenge, ingawa haikuwa na kitu. "Sijawahi kumpunja mtu hata punje. Unajua hilo?"

"Wote tunajua."

"Siku ile niliwaibia watu thelathini mchana kweupe."

"Ulituibia nini? Kila mtu alipata fungu."

"Bahati. Kila mtu alikuja na bahati yake, akanikabidhi, mimi nikaiweka kando nikagawa ninavyotaka. Niliwafunga waliochukiana kwenye boliti moja. Nilijua kama wapatanao wangepata vipande vinavyoshikana, wangefanya kamashine kao, wengine wangebaki na vyuma. Lakini ni wizi. Gunia halina shemeji, na mimi nilipima kwa kidole." Akageuza uso kwenye mwanga wa mlango. "Niwaambie? Kabla sijaondoka duniani, nisimame niwaambie?"

Nikaiona akilini mashine juu ya maturubai, ikigawanywa upya kwa haki, na mfanyabiashara wa vipuri akiwasha lori. Nikaliona na bega lake.

"Mimi ndiye mwenye muhtasari," nikasema.

"Uliandikaje?"

"Niliandika: Mtunza ghala aligeuza mgongo kwa muda wote, akiwa amefunga macho, na hakuna mwanachama aliyepinga."

Akalifikiria kwa muda mrefu, anatafuta takribani ndani yake.

"Ni kweli," akasema.

"Kila neno."

Akacheka, kicheko kikavu cha mahindi mazuri. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akaitoa hendeli. Alikuwa ameipaka mafuta. Inang'aa kama kikombe cha kanisani. "Bega la pili nalo limekataa. Ichukue."

Nilijivuna, siwezi kuficha. Nikaiweka begani, nikaaga, nikatoka. Uani kulikuwa na pipa la maji, na mimi ni mtu wa utani, nikaligonga kwa hendeli, ngo, nikapaza sauti: "Mama Ghala! Fungu hili la nani?"

Paka akapita. Nadhani ni Katibu, au mjukuu wake.

"La jirani yako wa bondeni," ikajibu sauti kutoka ndani. "Yeye ana mabega, wewe una kalamu. Mpelekee nyumbani kwake, usimpe njiani. Mnywe na chai."

Bondeni kwa jirani sikuwa nimekanyaga tangu habari ya ndama. Uwanjani tulikuwa tunasemezana, ndiyo, lakini maneno ya kazi tu: inua, shusha, kaza. Nikashuka na hendeli begani, inazidi uzito kila hatua, na nilipofika mlangoni kwake nikapiga hodi kwa chuma chenyewe, mara tatu, ili asije akasema hakusikia.